Tisa Mbili Mkononi na Talaka ya Tatu

Admini, jina langu lifiche, na usitaje zaidi ya Pemba, maana kisiwa hiki tunajuana kwa mwendo. Nina miaka hamsini na mbili, mke mmoja na watoto wanne. Nimesoma dini na nimesoma dunia. Kwenye magurupu ya simu wananijua kwa ukali: nikishika hoja siiachi, hata nikiona nimekosea, na hasa nikiona nimekosea. Kabla hamjaanza kunitumia aya, nazijua. Nimewatumia wengine miaka ishirini.

Mwaka jana nilipoteza kwenye poka fedha za karafuu za mke wangu, za mikarafuu aliyorithi kwa baba yake. Mchezo huo tulifundishwa na rafiki yangu mmoja aliyekuwa baharia wa meli za nje, ambaye sasa ana duka. Mke wangu alipojua hakupiga kelele. Alimwita kaka yake, akaniomba mbele yake niache. Mtu mwingine angesema nimeacha, yakaisha. Mimi ahadi tupu niliiona ndogo. Nikatamka kwamba nikicheza tena karata kwa pesa, ameachika.

"Mie sikukuomba talaka," akasema mke wangu. "Nimekuomba uache tu."

Muelewe uzito wake. Ujanani nilishamtamkia talaka mbili, zote kwa hasira, na zote nikamrejea ndani ya eda. Imebaki moja. Ikipita hiyo, hakuna kurejeana mpaka aolewe na mume mwingine kwa ndoa ya kweli, na hiyo nayo ivunjike.

Nilikaa miezi minane bila kugusa karata. Kisha baharia akanipa habari kuwa siku hizi wanachezea karafuu kavu. Kila mtu anapewa punje hamsini kwenye kisosi, mchezo ukiisha zote zinarudi kwenye gunia. Nikajitolea fatwa mwenyewe: karafuu si pesa. Pemba nzima ni mimi tu ambaye ningeweza kulisema neno hilo bila kucheka.

Siku yenyewe tulikuwa wanne, baada ya Alasiri, nyuma ya duka. Nikapata tisa ya kopa na tisa ya pau. Asiyejua mchezo aelewe: kila mtu ana karata mbili za siri, kisha tano zinafunuliwa mezani, kwanza tatu, halafu moja, halafu moja, na kila zinapofunuliwa watu wanaweka dau. Tisa mbili ni nzuri kiasi cha kukuponza. Ukipewa takataka unatupa bila majuto, ukipewa wafalme wawili unajua la kufanya. Na dau letu lina kipimo, huwezi kumwaga kila ulicho nacho ukawatisha wenzio wakakimbia. Unaongeza kipimo kimoja, wao wanalipa kipimo kimoja, wanabaki kukutazama.

Nikaongeza. Hakuna aliyetoka. Mezani zikafunuliwa mfalme, malkia na nne. Baharia akaweka dau. Hapo mwenye akili anatupa, kwa sababu zimeshalala mezani karata mbili kubwa kuliko zake na kuna watu watatu wa kuzioanisha. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Nikalipa. Ikaja mbili, dau likawa maradufu, wenzetu wawili wakatoka, nikalipa. Ikaja sita. Baharia akaweka tena, nami nikatia mkono kwenye kisosi, nikakuta kitupu.

"Zimekwisha, Ustadhi," akasema. "Tupa, yakhe. Hapa si kwenye gurupu, huwezi kutushinda kwa maneno."

Wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichoniua. Meza imejaa karafuu na kilichobaki ni kipimo kimoja tu. Ndivyo mchezo huu unavyomla mtu: haukuombi nyumba, unakuomba kidogo tena. Nikachomoa noti ya elfu mbili, nikaiweka juu ya karafuu, nikasema ni badala yake. Baharia akafunua mfalme, akamwoanisha na yule wa mezani, tisa zangu zikafa. Nilidhani noti atanirudishia. Akaenda nayo kununua kahawa na kashata, akarudi, tukanywa. Na mimi nilikula.

Leo ni siku ya kumi na moja. Ninalala chumba cha vitabu, na mke wangu nimemwambia mgongo unauma. Najua wapo maulamaa wanaosema kwamba talaka ya sharti, ikiwa mtu alikusudia kujizuia tu, ni kiapo, na kafara inatosha. Hata kurasa nazijua. Lakini mwaka juzi mtu mmoja wa Kengeja alimwapia mkewe hivyo kwa ajili ya mpira, akakivunja kiapo, kisha akaishika kauli hiyo ya kafara, nami nikamwandama mbele ya gurupu zima. Nilimwita mzinifu mwenye cheti. Sikunyamaza mpaka mkewe akafunga nguo akarudi kwao. Ikiwa kauli ile ni sahihi kwangu, basi nyumba ya yule mtu niliivunja mimi kwa ubishi. Ikiwa si sahihi, yangu imekwisha vunjika, na mwanamke anayenipikia si mke wangu, wala si halali kunigusa.

Asubuhi hii aliniletea chai na muhogo, akakaa kizingitini.

"Kama umeoa, n'ambie," akasema. "Ntalia siku mbili tatu, kisha ntazoea. Lakini usinikimbie ndani ya nyumba yangu."

Nikamwambia ni mgongo. Akaniamini, na hilo ndilo linalonichoma. Amevaa buibui lake amekwenda Makangale kwa shangazi yake kunitafutia mafuta ya kuchua, na amesema atanichua mwenyewe kwa mikono yake. Atarudi kabla ya Adhuhuri. Mimi niliyekuwa na jibu kwa kila mtu nimekaa hapa na simu, nawaomba nyinyi neno la kuanzia.

Nitukaneni mkitaka, nimestahili, lakini katikati ya matusi nishaurini. Atakapoingia na kuniambia nivue shati nilale, nifanye nini?