Mshale wa Kijani

Nilijifunza kuchora kwa kompyuta nikiwa na miaka sitini na mitatu, na zipo siku ninazotamani ningeishia kwenye kuandika barua.

Sekretariati yetu iko Gatsata, kando ya barabara. Ni chumba kimoja chenye kompyuta mbili, mashine ya fotokopi na mashine ya laminesheni. Mimi huandika. Mwenzangu, mama wa Kitanzania aliyetokea Bukoba, hutoa fotokopi na kuzungumza na wateja. Watu hutuletea maombi ya kazi, mikataba ya kupanga nyumba na malalamiko ya mipaka. Nilipoanza kuweka michoro ndani ya nyaraka zao, mwenzangu alinibandika jina la Profesa, na halikuwa jina la heshima.

Katika kazi yetu hakuna anayeanza na ukurasa mtupu. Mteja akitaka mkataba, tunafungua wa mteja aliyemtangulia, tunafuta majina, tunaandika mapya. Ndivyo nilivyofanya kazi miaka yote, na michoro niliifanyia vivyo hivyo.

Muuguzi mkuu wa zahanati moja ya Kabuga, mwanamke wa makamo asiyepandisha sauti, alikuja kutengenezewa kijitabu cha mwongozo wa oksijeni. Alikuwa na karatasi aliyochorewa na fundi wao kwa penseli. Nyuma ya jengo lao kulisimama mitungi miwili mikubwa, na bomba lililoingia wodini lilikuwa na koki tatu. Ya kwanza ni ya mtungi unaotumika. Ya pili ni ya mtungi wa akiba. Ya tatu hutoa hewa nje, na haiguswi ila na fundi. Nilivichora vyote, nikaweka mshale wa kijani kwenye koki ya pili na msalaba mwekundu kwenye ya tatu. Chini yake niliandika kwamba mtungi ukiisha, ifungwe koki ya kwanza, kisha ifunguliwe yenye mshale wa kijani. Sikutaja namba. Niliona kwamba mtu mwenye haraka hutazama picha.

Mchoro ulipoingia ndani ya waraka, kompyuta yetu kuukuu ikawa inaganda. Basi sikuuingiza mzima, niliuweka kwa kiungo tu. Maana yake ni kwamba mchoro unabaki kwenye faili lake, na waraka unakwenda kuuchukua huko kila unapofunguliwa. Waraka ukawa mwepesi, nami nikajiona hodari.

Miezi miwili baadaye alikuja mwenye hosteli aliyetaka mchoro wa matangi yake ya maji. Matangi mawili yamesimama sambamba, bomba moja, koki tatu. Nilifungua mchoro wa zahanati. Kwake mabomba yalikaa tofauti, kwa hiyo nilihamisha mshale wa kijani hadi koki ya tatu na msalaba hadi ya pili. Nikamchapia, akaondoka ameridhika. Nikahifadhi faili kwa jina lile lile.

Jumatatu iliyofuata muuguzi mkuu alinipigia. Ukurasa wa mchoro uliobandikwa ukutani kwao ulikuwa umeingia maji, akaomba mwingine. Nilifungua waraka, na kompyuta, ambayo huzungumza Kifaransa, ikauliza kama isasishe viungo, yaani iichukue upya michoro kwenye mafaili yake. Nilibonyeza Oui, yaani ndiyo, kama ninavyojibu kila swali la mashine ile ili inyamaze. Nakala ya kwanza ilitoka na doa la wino, nikaitupa kwenye boksi la karatasi chakavu. Ya pili niliipiga laminesheni, nikampa mtu wa pikipiki aipeleke Kabuga. Sikuitazama.

Jumatano, saa nne na nusu asubuhi, mwenzangu alitoa karatasi kwenye boksi lile aandike mahitaji yake ya sokoni.

“Profesa, hii si ya wale wa Kabuga?” alisema. “Umeitupa bure, mshale wenyewe umependeza.”

Nilimpokonya. Mshale ulikuwa kwenye koki ya tatu.

Nilikaa. Niliona mbele yangu mtu aliyelala na mpira wa hewa puani, na mikono ya mtu mwingine, mikono inayonitii mimi, ikifungua tundu la kumwaga hewa uani. Mwenzangu aliuliza kama naumwa. Nikamwambia kuna herufi imekosewa.

Ninayoandika sasa ndiyo sababu ya kuandika haya yote. Simu ilikuwa mfukoni. Namba ya muuguzi mkuu ilikuwa ndani yake. Sikupiga. Nilijiambia kwamba nikipeleka ukurasa sahihi haraka na kuubandika mwenyewe, hakuna atakayehitaji kujua. Nilirudisha mshale mahali pake, nikachapa, nikawasha mashine ya laminesheni. Mashine ile huchukua muda kupata moto. Nilisimama mbele yake nikingoja taa yake, wakati huko Kabuga mtungi ulikuwa unapungua. Karatasi ya kwanza ilijikunja ndani. Nikachapa nyingine. Nikatafuta na ile ya penseli ya fundi katika majalada, nikaitia kwenye bahasha, nikapanda pikipiki. Ndani ya kofia ngumu nilisikia pumzi yangu mwenyewe njia nzima, na kila tulipopanda mlima nilidhani imekatika.

Nilifika saa sita kasoro dakika chache. Ukutani, palipotakiwa kuwa na ukurasa wangu, zilibaki alama nne za gundi.

Ukurasa wenyewe ulikuwa juu ya meza ya muuguzi mkuu, na kando yake ilikuwepo simu yake. Hakunipa kiti. Nilitoa bahasha, nikaanza kusema kwamba nimeleta nakala iliyo bora zaidi. Aliniacha nimalize.

“Muzee,” akasema, “ulijua saa ngapi?”

Nilikuwa na jibu jingine tayari mdomoni. Ningeweza kusema nimegundua njiani, na asingekuwa na njia ya kunikanusha. Nilitazama simu ile.

“Saa nne na nusu.”

“Mtungi uliisha saa tano na robo,” akasema. “Na simu hii haijatoka hapa.”

Alinieleza kwa sauti ile ile ya siku zote. Muuguzi kijana alikuwa zamu peke yake na bibi mmoja mwenye ugonjwa wa mapafu. Alifuata picha. Alifunga ya kwanza, akafungua yenye mshale, akasikia hewa ikitoka uani kwa kishindo, akaifunga haraka. Aliporudi wodini midomo ya bibi ilikuwa imegeuka rangi. Akakimbia kuuleta mtungi mdogo wa gari la wagonjwa, na huo ndio uliokuwa ukimpa bibi pumzi hadi wakati ule. Fundi alikuwa njiani kutoka Kimihurura, juu ya pikipiki, hapokei simu. Hakuna aliyethubutu tena kugusa koki yoyote.

“Mdogo unakaribia kwisha,” alisema. “Hata mimi sijiamini, nimeona karatasi zako mbili zinazopingana. Twende. Utafungua wewe.”

Nyuma ya jengo jua lilikuwa kali, mimi nikasikia baridi. Nilishika ukurasa wangu mpya mkono mmoja na wa fundi mkono mwingine. Nilizilinganisha mara tatu. Namba kwenye mabomba zilipakwa kwa rangi nyekundu, nami nilizisoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikahakikisha ya tatu imefungwa. Nikashika ya pili. Sijawahi kuogopa kitu maishani kama nilivyoogopa chuma kile. Kama nimekosea tena, nitakuwa nimekosea kwa mkono wangu, na mtu wa kumlaumu hayupo.

Nikazungusha. Hakuna sauti iliyotoka. Nilisubiri, na kimya kile kikawa kirefu kuliko safari nzima. Kisha muuguzi kijana akatoa kichwa dirishani, macho mekundu kwa kulia.

“Muzee, iko inapita.”

Nilikaa chini kwenye saruji. Muuguzi mkuu akainama akachukua karatasi zote mbili kutoka mikononi mwangu.

Kabla sijaondoka nilipita mlango wa wodi. Bibi alinipungia mkono, akidhani mimi ndiye fundi. Nilimrudishia, na aibu ya mkono ule bado ninayo. Alirudi kwao baada ya siku tisa. Nilijua kwa sababu nilipiga simu kila asubuhi.

Siku hizi michoro naiingiza mizima ndani ya waraka, kompyuta igande inavyotaka. Mwenzangu nilimsimulia yote, na jina la Profesa hakulitumia tena, jambo lililoniuma kuliko nilivyotarajia. Hadi leo mashine ya laminesheni ikiwashwa, natoka nje.

Nilirudi Kabuga mara moja. Pale ukutani, kwenye alama nne za gundi, muuguzi mkuu amebandika karatasi ya fundi, ile ya penseli.