Fungu la Chiriku

Mimi ni mtu wa Jadida, nimezaliwa Wete mjini, na bonde la mpunga nililijua kwa kulipita tu. Lakini baba mkwe wangu alipofariki huko Kiuyu, aliuacha mpunga wake ndio kwanza unatia maziwa, na mama mkwe akakaa eda. Mjane hatoki. Mume wangu ana kazi yake mjini. Nani aende kuamia ndege, kuwafukuza wasiumalize mpunga? Nikatazamwa mimi.

Ilikuwa miaka ile ya siasa, watu kwa ugomvi wa vyama hata kuzikana wameacha, nami mwenyewe sikuwa na utulivu. Juu ya dungu, kile kichanja cha miti cha kulindia shamba, nilikuwa nikipanda, nikishuka, nikilitazama jua na kuona linachelewa makusudi. Mbele yangu mpunga, ng'ambo ya mpunga mikoko, na kwenye tope la mikoko yangeyange wakitembea taratibu, hawana haraka na mtu. Hata hao walinikera. Adui zangu hasa walikuwa chiriku. Nilipiga debe, nilipiga makelele mpaka sauti ikanikauka, nikajifunza na teo, kombeo la kuzungusha, nikawa nawavurumishia madongo.

Jioni nilirudi kumpa habari mama mkwe. Kila siku nilimkuta kwa ndani ya mlango, anainuka, anakaa, anainuka tena.

"Mwanangu, na ile pembe ya shamba kule nkokoni, ndege washakula?"

"Hawapati hata punje, Mama."

Nilidhani atanishukuru. Akashika kichwa.

"Kule usiwatupie. Marehemu akiwaachia miaka yote, ndiyo sadaka yake. Kila punje waliyo nayo mdomoni, thawabu yamwendea. Sasa hana jengine la kumwendea, nami nimefungwa humu."

Nikaitikia, lakini moyo ulikataa. Maiti hali, nilijiambia. Tunaokula ni sisi, na mpunga ule ndio chakula cha nyumba iliyofiwa na mwenyewe. Tena chiriku hajui mpaka. Ukimpa pembe, atataka bonde zima.

Basi nikapata mateso mapya: kufukuza huku, kunyamaza kule. Mchana mmoja walishuka mkokoni kwa wingi wa kutisha. Nikatia dongo kwenye teo, nikazungusha, nikazungusha mpaka mkono ukauma. Mwisho nililiachia likaenda kuanguka majini. Yangeyange wakaruka, chiriku hata hawakushtuka. Nikalia kwa ghadhabu, na wao wanakula.

Tulivuna pungufu, lakini tulivuna. Pembe ya mkokoni haikuingiwa na mtu, maana hapakuwa na kitu cha kuvuna.

Siku mama mkwe alipotoka eda, wanawake walimngojea ukumbini na udi na halua. Yeye akajitupia buibui, akapita katikati yao, akaenda moja kwa moja bondeni, nami mbio nyuma yake. Alipofika mkokoni alikata suke moja, akalifikicha kiganjani, akapuliza. Yakapeperuka makapi matupu.

"Wamekula, Mama," nikasema, maana alinitazama kama anayeuliza.

Akajifuta mkono. Kwa mara ya kwanza tangu msiba nilimwona amesimama mahali pamoja bila ya kuhangaika.

"Alhamdulillahi," alisema. "Basi marehemu kashiba. Twende, wageni wangoja."