Dereva Asiyepiga Honi

Reuben Mang'oli wa Webuye alikuwa na umri wa miaka arobaini na saba, na kwa miaka minne mfululizo alikuwa dereva wa nyumba ya Abu Dakhil jijini Riyadh. Katika miaka hiyo alipiga honi mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa bahati mbaya: kiwiko kiligusa usukani akipangusa vumbi. Mara ya pili aliombwa na fundi, aliyetaka kujua kama honi inafanya kazi. Ilikuwa inafanya kazi.

Tabia hiyo hakuipata Riyadh, mji ambao taa ikigeuka kijani gari la nyuma huwa limeshalia. Alitoka nayo Kapenguria, alikoendesha Land Rover ya polisi wa utawala kwa miaka kumi na mmoja. Mkuu wake, Sajini Morgan, alikuwa na amri moja kwa madereva: katika gari lenye bunduki, honi ni ya ng'ombe tu. Binadamu hapigiwi honi. Sajini alieleza sababu siku moja, hakurudia. Ukimpigia mtu honi atakutukana, akikutukana utamjibu, na ukishamjibu utakumbuka ulichobeba.

"Sasa wewe niambie," alisema Sajini, "nani ataandika ile ripoti? Ni mimi. Na mimi sipendi kuandika."

Abu Dakhil, ambaye Reuben alimwita Baba kama nyumba nzima ilivyomwita, alikuwa na bastola. Alikuwa mzee wa miaka sabini na mmoja, mstaafu wa kazi ya sare, mwenye ofisi ndogo ya kupangisha nyumba mtaa wa Al-Murabba. Bastola ilikuwa na kibali, na kibali kilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, na vyote viwili vilikaa kwenye kisanduku cha dashibodi cha Land Cruiser ya zamani ambayo Baba alikataa kuiuza. Hakuwa amefyatua risasi kwa miaka ishirini na mitatu, jambo alilolitaja mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Kwa sababu ya goti bovu, Baba alikaa kiti cha mbele, na hakuweza kushuka bila kushikwa mkono. Kati ya goti hilo na bastola palikuwa na shibiri moja. Kila gari lililowachomekea, Baba aliliombea mabaya kwa sauti, akataja mikono ya dereva, macho yake na wazee wake. Reuben aliitikia, "Ndiyo, Baba," akapunguza mwendo, akaliacha gari hilo liende likakutane na mabaya yake mbali. Na kila asubuhi, kabla Baba hajatoka ndani, alikifunga kisanduku kwa ufunguo. Gari lilikuwa la zamani na ufunguo ulikuwa mmoja tu: wa milango, wa injini na wa kisanduku.

Mwezi wa saba mwaka huo Reuben alikuwa na sababu ya kuwa mwangalifu zaidi. Binti yake wa pili, Eddah, alikuwa anaolewa tarehe kumi na sita Agosti. Binti wa kwanza alikuwa ameolewa baba yake akiwa Riyadh, akapelekwa kanisani na ami yake, na picha zikaja kwenye simu. Eddah alikuwa amesema yeye hapelekwi na ami. "Usipokuja, nitakungoja," alisema. "Hata miaka miwili. Utamweleza Titus mwenyewe." Titus ndiye bwana harusi.

Kuondoka kulitaka kibali cha kutoka na kurudi, na kibali hutolewa na kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini, kupitia simu yake. Baba alikuwa ameahidi kukitoa baada ya safari ya Jeddah. Lakini Reuben alijua kwamba ahadi ya Baba haiwezi kitu mbele ya faili la polisi. Brayo, dereva wa nyumba ya jirani, alikaa miezi saba bila kusafiri kwa ugomvi wa barabarani ambao yeye hakushuka hata garini. Alikuwa shahidi tu. Faili likiwa wazi, hutoki.

Jeddah walikwenda kumjulia hali rafiki wa Baba aliyetoka kufanyiwa upasuaji. Walifika salama baada ya kilomita mia tisa na hamsini. Kosa lilifanyika siku ya pili, alasiri, Al-Hindawiyah, katika barabara nyembamba yenye magari yaliyoegeshwa pande zote mbili.

Asubuhi hiyo Eddah alikuwa ametuma ujumbe wa sauti kuuliza kama suti ya baba iwe ya bluu au ya kijivu. Reuben alikuwa bado anaufikiria. Mbele, upande wa kulia, Hilux nyeupe ilikuwa imetoa pua kichochoroni ikingoja kuingia. Reuben akapunguza mwendo, akaipiga full, taa kali za mbele, mara mbili.

Kenya, ukimpiga mwenzako full mbili namna hiyo, umemwambia, pita ndugu yangu, nakungoja. Saudia umemwambia, kaa hapo hapo, mimi ndiye napita. Reuben alilijua hilo tangu mwezi wake wa kwanza. Lakini kwa sekunde chache alikuwa akiendesha gari Webuye.

Mtu wa Hilux alitii, akabaki palepale. Reuben naye akasimama kumngoja. Kwa hiyo mtu wa Hilux aliona gari lililomkataza kusogea, kisha likasimama mbele yake bila shughuli yoyote. Reuben, kwa adabu, akampiga full mbili nyingine.

Hilux ikatoka kwa kishindo, ikaja ubavuni, kioo kikashuka. "Unanimulika mimi? Mimi? Umenunua barabara wewe?"

"Anatutukana," alisema Baba.

"Anauliza tu, Baba."

Reuben aliondoa gari taratibu. Hilux ikafuata nyuma, taa zote zikiwaka. Nyumba ya mgonjwa ilikuwa mtaa wa pili, lakini Reuben hakuelekea huko. Mtu aliyekasirika haonyeshwi unapolala. Hakuongeza mwendo wala kujaribu kumpotea. Alishika barabara ya Ghulail, akatafuta mahali penye watu wengi wasio na haraka, akapaona: duka la mkate wa tamis, foleni ya watu kama kumi na watano mlangoni, wengi wao Waafrika. Akaegesha, akiacha nafasi mbele ya kutosha kuondokea. Hilux ikasimama nyuma.

"Ufunguo," alisema Baba.

"Wa gari, Baba?"

"Wa kisanduku!"

"Ni huo huo mmoja, Baba. Nikiuchomoa, injini inazima."

"Zima!"

"Na AC itazima, Baba."

Nje kulikuwa na joto la nyuzi arobaini na tatu, lile la Jeddah ambalo huvaliwa kama nguo mbichi. Baba alitazama tundu la AC lililokuwa likimpuliza kifuani.

"Kwa muda gani?"

"Sijui, Baba. Itategemea mazungumzo yenu."

Baba alifikiri. Kwenye kioo, mlango wa Hilux ulikuwa umefunguka. "Zima," alisema tena.

Reuben alizima. Amri ya kukifungua kisanduku ilikuwa haijatolewa rasmi, kwa hiyo hakuingoja. Alichomoa ufunguo, akashuka nao, akafunga mlango.

Alitembea hatua nane kuelekea nyuma, ili mtu yule asilifikie dirisha la Baba. Mikono aliiweka mbele, viganja wazi, ufunguo ukining'inia kidoleni. Mtu wa Hilux alikuwa mnene, wa umri wa Reuben hivi, mikono ya kanzu ameikunja mpaka kwenye viwiko. Foleni ya mkate iligeuka yote.

"Maalesh, ya ammi," alisema Reuben kabla hajaulizwa. "Kosa ni langu. Taa nilipiga mimi."

"Ulikuwa unanicheka!"

"Hapana. Mimi natoka Kenya. Kwetu taa mbili ni tafadhal. Pita wewe kwanza."

"Nani kakwambia?"

"Ndivyo tunavyofanya. Nilisahau kama niko huku."

Mtu wa Hilux alimtazama kwa makini, kama anayesoma ikama, kibali cha ukaazi, iliyofutika. "Taa mbili, tafadhal?"

"Tafadhal."

"Na mwenzako naye akikupiga mbili?"

"Basi naye anasema tafadhal."

"Sasa mnafikaje?"

Reuben alilifikiria swali hilo. "Tunachelewa," alisema.

Kwenye foleni mtu alicheka. Mwanamke mmoja akasema kwa Kiswahili cha Mombasa, "Mwambie na matuta yapo." Mtu wa Hilux hakucheka, ila mabega yalishuka. Alielekeza kidevu kwenye Land Cruiser. "Na huyo mzee mbona anapiga kioo?"

"Ana joto."

"Mpeleke basi, utamuua! Yalla!" Alirudi kwenye gari lake. Kisha akageuka tena, akaingia kwenye foleni ya mkate.

Baba alikuwa amelowa. Reuben aliwasha injini, akaelekeza matundu yote ya AC upande wake, akaondoka.

"Umemwomba msamaha," alisema Baba.

"Ndiyo, Baba."

"Kwa niaba yangu?"

"Hapana, Baba. Kwa niaba ya taa."

Baba hakumsemesha tena, Jeddah wala njiani. Walirudi Riyadh kilomita mia tisa na hamsini bila neno, na wiki ikaisha bila kibali. Fridah, Mkamba aliyefanya kazi za ndani, alimletea chai uani na kuulizia habari.

"Ati ulimfungia mzee kwa jua kama mbuzi wa Idi?"

"Dakika nne tu."

"Amemwambia madam ni saa nzima. Amesema halas, dereva mwoga hamtaki." Alimtazama. "Si uende umlilie kidogo?"

"Bado ana hasira. Wacha apite kwanza."

"Harusi iko karibu, Reuben. Wewe unapisha tu kila mtu!"

Hakumlilia. Alifungua mlango wa gari kila asubuhi kwa wakati ule ule, akasema salamu ambazo hazikujibiwa. Siku ya tisa, wakiwa kwenye foleni ya magari kuelekea Al-Murabba, Baba alizungumza huku akitazama mbele.

"Yule mtu. Angeiona bastola, angefanya nini?"

"Angeita polisi, Baba. Mashahidi kumi na watano wangekuwapo, wote na mikate."

"Nina kibali."

"Wangeondoka nacho. Na mimi wangeniandikisha, na nisingeenda kwenye harusi."

"Harusi gani?"

"Ya binti yangu. Tarehe kumi na sita."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, Baba. Mara tatu."

"Siku hiyo nilikuwa sisikii," alisema Baba, bila kufafanua ni siku ipi. Alitoa simu, akaishika mbali na macho, akabonyeza hapa na pale, akaudhika, akampa Reuben walipoegesha. "Tafuta pameandikwa kutoka na kurudi. Siku arobaini. Wala usiongeze."

Tarehe tisa Agosti, saa saba mchana, ofisa wa uhamiaji alichukua pasipoti ya Reuben, akatazama uso, akatazama skrini. Aliitazama skrini kwa muda ambao Reuben aliuona mrefu. Aligonga vitufe viwili.

"Kenya?"

"Kenya."

"Likizo?"

"Binti yangu anaolewa."

"Mabruk," alisema ofisa, akagonga muhuri. Reuben aliipokea pasipoti kwa mikono miwili, akasogea pembeni, akamwandikia Eddah kwamba suti iwe ya kijivu.