Kura Moja Mlangoni mwa Darasa la Tatu

Karatasi ya matokeo ilibandikwa kwenye mlango wa darasa la tatu, na chama changu kilikuwa mstari wa mwisho. Kura za udiwani: moja. Waliiandika kwa tarakimu, kisha kwa maneno, asije mtu akadhani kalamu iliteleza. Niliisoma asubuhi nikishuka kwenda kazini Usa River, nimesimama nyuma ya wanawake wawili waliokuwa wanacheka.

"Moja! Huyo naye alikuwa anatafuta nini?" alisema mmoja.

Mwenzake akasema labda ni mtu asiyeona vizuri, aliweka vema mahali pasipo pake. Nikacheka nao. Nalisema mapema kwa sababu linaniudhi mpaka leo kuliko mengine yote. Kura ile nilijua ni yangu, na nilicheka nao.

Chama chenyewe kilikuwa kidogo mno. Wanachama wake wa kata nzima wangeenea kwenye bajaji moja, na nafasi ya gunia ikabaki. Mgombea alikuwa mama muuza maziwa wa kijiji cha juu, aliyekuja kwetu kwa miguu. Alikaa kwenye benchi letu la nje, akamuuliza mama yangu huwa tunavukaje korongo mvua ikinyesha na mtu anaumwa, akaandika majibu kwenye daftari. Wa chama kikubwa walikuja na magari matatu, spika na dansi, wakagawa kofia na kanga, wakaondoka bila kuuliza hata hali zetu. Daraja la korongo wanaliahidi kila uchaguzi. Mpaka leo ni magogo mawili. Mama aliteleza pale akienda zahanati, na tangu siku hiyo mgongo wake haujawa mgongo tena.

Lakini ukisema utampigia muuza maziwa, unaambiwa unapoteza kura. Wanasema hivyo hata watu waliosoma, hata mwalimu aliyenifundisha uraia. Mpigie anayeshinda, wanakushauri, tena kwa huruma. Neno hilo linanitia wazimu. Kama ameshashinda, mimi ananitakia nini? Si angeniacha nilale? Naamka alfajiri, nasimama kwenye foleni juani, napakwa wino kidoleni, yote hayo ili nikakubali jambo ambalo wenzangu wanasema lilishaisha? Kura iliyopotea ni hiyo. Ya kwangu nilijua nimeiweka wapi.

Siku ya kura nilikwenda na mama. Njiani hatukuzungumza siasa. Kofia ya bure alikuwa anaivaa shambani akipalilia, na mimi nilishajijibu mwenyewe kuhusu kura yake. Tulitumbukiza karatasi zetu, tukarudi nyumbani kukamua ng'ombe.

Wanasema kura ni siri. Ni siri zikiwa mia mbili. Ikiwa moja, katika kijiji ambacho watu wanajua hata kuku wa nani ametaga wapi, inakuwa mchezo wa kumtafuta mwenyewe. Mchezo ulichezwa kwenye mashine ya kusaga, na siku ya tatu walikuwa wamempata: mzee jirani yetu, mgane anayeishi peke yake upande wa pili wa uzio wetu. Ushahidi ulikuwa kwamba kwenye mkutano wa mfereji alisimama akauliza kwa nini shamba la mwenyekiti linakunywa maji mara mbili kwa wiki. Mtu wa namna hiyo, walisema, ndiye mwenye roho ya kupiga kura ile. Nilikuwa pale na debe langu la mahindi. Nilitazama unga ukishuka mpaka debe likajaa.

Huku mlimani mashamba yetu yanaishi kwa mifereji iliyochimbwa na mababu. Kila kaya ina zamu yake, saa chache kwa wiki. Zamu ikifika unang'oa kipande cha mgomba na matope yanayoziba mlango wa shamba lako, maji yanaingia; ikiisha, unaziba. Daftari la zamu analo mwenyekiti wa mfereji. Na mwenyekiti huyo huyo ndiye aliyekuwa wakala wa chama kikubwa kituoni kwetu, akakaa ndani ya lile darasa mpaka kura ya mwisho ikahesabiwa. Chama changu hakikuweka wakala. Kilikuwa hakina watu.

Wiki ya kwanza baada ya matokeo, jina la mzee halikusomwa kwenye zamu. Mwenyekiti akasema maji yamepungua, avumilie. Wiki ya pili maji yalipita mbele ya mlango wake yakaingia kwa jirani wa chini. Mvua za vuli zilikuwa bado, na kabichi zake zilikuwa ndiyo kwanza zinafunga. Wiki ya tatu niliyaona majani yake yamelala chini nikiwa kwetu, ng'ambo ya uzio. Yeye alikuwa anapanda na kushuka na ndoo mbili kutoka korongoni, mzee wa umri ule, bila kumsemesha mtu.

"Mama, wanamwonea," nilisema.

Mama alikuwa anachambua mboga. "Naona."

"Kura ile siyo yake."

Aliinua macho akanitazama. "Wewe umejuaje?"

Hapo ndipo pa kusema. Nilitazama karoti zetu, zimesimama vizuri, zimeshiba maji ya zamu yetu. Karoti zile ndizo dawa za mama na majani ya ng'ombe. Nikasema nimesikia tu. Mama akarudi kwenye mboga zake.

Kazini nachambua maharage machanga ya kusafirishwa. Lililopinda natupa, lililo fupi natupa. Wiki zile nilikuwa natupa hata mazima, nimejaa hasira mpaka msimamizi akaniuliza kama naumwa. Nilimkasirikia mwenyekiti, nikawakasirikia watu wa mashineni, nikamkasirikia na mzee mwenyewe kwa kutoikana kura ile. Kwa nini asiseme siyo yeye? Angesema mara moja tu, ningepumua. Ndivyo uoga wangu ulivyokuwa umefikia: nilitaka mtu niliyemponza anisaidie na kulala usingizi.

Kisha ikaja Jumamosi ya msaragambo, siku ambayo kila kaya inatoa mtu wa kuzibua mfereji kabla ya mvua. Mimi nilishika jembe la nyumba yetu. Mama alikuja baadaye na chupa ya chai kwa sababu ya mgongo. Nilipofika, mzee alikuwa ameshaingia kwenye tope mpaka magotini. Alikuwa anazibua mfereji asiopewa hata kikombe, tena kipande chake kilikuwa kisafi kuliko vyote. Mwenyekiti alisimama ukingoni na daftari kwapani akimwelekeza: "Hapo bado, mzee. Chimba kidogo."

Nilivumilia mpaka kazi ilipoisha, watu wakakaa kwenye nyasi, mwenyekiti akaanza kusoma zamu za wiki. Alisoma jina la nyumba yetu, akamruka mzee, akasoma la jirani wa chini.

Nikasimama. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Umemruka mzee kwa sababu ya ile kura. Usijifanye hamnazo. Ile kura ni yangu. Mimi ndiye niliyempigia muuza maziwa, na nikipewa karatasi nyingine leo nampigia tena. Kama ni kukata maji, kata ya kwetu!"

Nilitegemea mzee ashukuru, nisiseme uongo. Nilishaandaa na jibu la unyenyekevu. Badala yake alisimama, tope likimtiririka miguuni, amekasirika kuliko nilivyowahi kumwona.

"Nani amekutuma unisemee, binti?"

"Shikamoo, baba. Nilikuwa tu..."

"Shikamoo yako baki nayo. Ile kura ni yangu. Nimeivumilia wiki tatu, nimebeba ndoo kwa ajili yake, sijaikana hata siku moja, na wewe leo unakuja kuninyang'anya mbele ya watu?"

Watu wakaangua kicheko. Kura yenyewe moja, yenye aibu, na sasa inagombewa na watu wawili! Walicheka mpaka mmoja mmoja akaanza kuacha. Nikawaona wanapiga hesabu ile niliyokuwa napiga mimi. Mzee naye akageuka kunitazama, mdomo wazi kidogo, hasira imemwishia katikati.

"Mmoja wenu ni mwongo," alisema mwenyekiti. "Fomu ilisema moja."

"Basi waongo tuko watatu," mama akasema.

Alikuwa amekaa kwenye jiwe, vikombe mapajani. Hakusimama, maana kusimama kunamchukua muda. Alimtazama mwenyekiti usoni, yule aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka kumi, na hakutumia neno la heshima hata moja. "Wewe ulikuwa ndani wakihesabu. Ya kwangu mmeiweka wapi?"

Mwenyekiti alifungua daftari, akalifunga. Akasema hayo si mambo ya mfereji. Hakuna aliyemuunga mkono, wala hakuna aliyetuunga mkono sisi. Kila mtu aliona ghafla jembe lake lina tope la kufuta. Mzee hakusubiri jina lake lisomwe. Alishuka mpaka kwenye mlango wa shamba lake, akakanyaga kile kipande cha mgomba mpaka kikang'oka, maji yakaingia. Hakuna aliyemzuia.

Nilimfuata kumsaidia kuyaelekeza maji kwenye matuta. Zaidi ya nusu ya kabichi zilikuwa zimeshakufa. Mzee alinyooshea kidole tuta la kuanzia, nikaanza kuchimba, nikichimba kwa nguvu nyingi bila sababu. Mama alikuwa ukingoni anakusanya vikombe, peke yake. Tulikuwa tumelala nyumba moja wiki zote zile, kila mmoja akimficha mwenzake kitu kile kile. Nikaanza kujiuliza ni nyumba ngapi nyingine zilizolala hivyo, na ni nani kati ya wale waliokuwa wakifuta majembe aliyekuwa ameiona karatasi ile akadhani, kama mimi, kwamba ile moja ni yake. Nilitaka kurudi niwaulize mmoja mmoja. Lakini hata wangenijibu ingenisaidia nini? Diwani alikuwa ameshaapishwa.