Ndama Aliyevaa Jani la Sale

Nakumbuka siku ndama wangu alipofungwa jani la sale shingoni, na mimi nikafundishwa kufungua mdomo wangu mwenyewe.

Mwanangu, wewe unayetafuta mtaji, kaa nikueleze. Mimi sikusoma sana, niliishia darasa la nne, na maandishi haya ananinyooshea mjukuu wangu Anaeli. Lakini mtaji naujua. Mtaji wangu wa kwanza ulikuwa na kwato, na ulikula kuliko mume wangu.

Tulikaa Nkoaranga, kule juu kwenye migomba na kahawa. Kahawa ilikuwa ya wanaume. Mwanamke aliipalilia na kuichuma, siku ya kuuza akabaki nyumbani anafagia. Sisi tuliachiwa ndizi na maziwa. Ukitaka kukopa benki unaulizwa hati ya shamba, na shamba lilikuwa bado kwa jina la baba mkwe wangu, naye alishazikwa. Basi akina mama wa usharika wa kanisa letu tukatafuta njia yetu. Kwa zamu, mmoja alipewa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa. Alimtunza, akamzalisha, maziwa akauza. Ndama jike wa kwanza alimtoa kwa mwanamke anayefuata kwenye zamu. Akishamtoa, ng'ombe ni wake moja kwa moja.

Zamu yangu ilifika nikiwa bado msichana wa juzi tu kwenye ndoa, nina mtoto mmoja, Ndeshi. Aliyekuwa ananifuata ni Mama Nuru, mjane, nyumba yake iko chini kidogo karibu na hospitali. Ng'ombe wangu akazaa, akaleta dume. Mama Nuru akasubiri. Alikuwa ameshajenga banda, ameezeka vizuri, ndani hakuna hata kuku. Vijana walimtania njiani: "Mama Nuru, ng'ombe wako wa upepo leo katoa lita ngapi?"

Naye aliwajibu: "Katoa za kunitosha. Wewe kanyonye kwenu."

Uzao wa pili akaja jike, mwekundu, ana doa jeupe kwenye paji. Tangu hapo kila Jumapili Mama Nuru akitoka kanisani alipita kwangu na mzigo wa majani, anamlisha, anamkuna nyuma ya sikio, anaondoka. Hakusema mengi. Alikuwa anahesabu kuwasomesha watoto wake kwa maziwa ya yule ndama, na mimi nililijua hilo.

Sasa sikia kosa lililotaka kunimaliza. Habari ya zamu nilimwambia mume wangu peke yake, tukiwa tumelala, naye akaguna tu. Kwa ukoo sikutamka kitu. Niliona aibu, mwanamke mgeni kusema "ng'ombe wangu" mbele ya wanaume. Kwa hiyo pale nyumbani kila mtu alimwita ng'ombe wa kaka, yaani wa mume wangu.

Ndama alipoacha kunyonya, akaja shemeji yangu Loti na kamba. Alikuwa anataka kuoa, na wakwe zake walikuwa wanamsubiri alete mahari.

"Shemeji shikamoo," akasema, ingawa tulikuwa rika moja. Alikuwa ananipaka mafuta. "Nimekuja kuchukua huyu mdogo. Kaka amekubali."

Nikamtazama mume wangu. Akatazama viatu vyake. "Ni mdogo wangu," akasema. "Nitamkataliaje?"

Nami nikafanya nini? Nikaingia jikoni. Nikachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Mama mkwe wangu alikuwa amekaa mlangoni anamenya ndizi za mtori, vidole vyeusi kwa utomvu. Nilimwogopa sana. Nilijua atakuwa upande wa mwanawe. Akaniita bila kuinua kichwa.

"Mama Ndeshi. Huyu ng'ombe ni wa nani?"

"Wa hapa nyumbani, mama."

"Sikukuuliza anaishi wapi."

Akaweka kisu chini.

"Nimemwona Mama Nuru akipanda hapa kila Jumapili na majani kichwani, nikajua kuna ahadi. Nimengoja uiseme, husemi. Nilidhani una heshima, kumbe una woga. Mjane wa watu amejenga banda kwa sababu ya neno lako, na wewe umekimbilia kwenye moshi. Leo akichukuliwa huyu, kesho nani atakupa hata kikombe cha chumvi?"

Halafu akainuka, akaenda mpakani mwa shamba, akarudi na jani la sale. Wa kwetu mnalijua. Ndilo tunalopanda mipakani, na ndilo mtu analoshika akienda kuomba amani. Likishawekwa, hulipiti. Ukilipita, umeivunja nyumba. Akalifunga shingoni mwa ndama, akajifuta mikono kwenye kanga, akamgeukia Loti.

"Mfungue sasa."

Loti akasimama na kamba yake. "Mama, kwa hiyo mimi nisioe?"

"Oa. Lakini hutaoa kwa ng'ombe wa mjane. Una mikono, au nilizaa gogo?"

Nilidhani yameisha, nikamshukuru. Akanitolea macho. "Unanishukuru nini? Shika kamba, tunakwenda."

Tukashuka njia ile yenye utelezi, mimi mbele na ndama, yeye nyuma na fimbo yake. Kila tulipopita boma, watu waliuliza ndama mwenye sale anakwenda wapi. Mama mkwe alikataa kujibu. "Muulizeni mwenyewe." Boma la kwanza nilijibu kama mgonjwa: anakwenda kwa Mama Nuru. "Hawajasikia," akasema nyuma yangu. La pili nikapandisha sauti kidogo. Tulipofika karibu na hospitali nilikuwa natangaza kabla sijaulizwa: huyu ni ndama wa ng'ombe wangu, ni wa zamu, nampeleka kwa mwenyewe Mama Nuru. Na kila nilipolisema lile neno, wangu, kifua kilikuwa chepesi.

Mama Nuru alikuwa anafua. Akamzunguka ndama, akampapasa tumbo, akatazama lile sale, akaelewa safari yote bila kuambiwa. Akasema, "Umechelewa wewe. Banda limeanza kuota uyoga." Ndipo akakaa chini kwenye majani, akacheka mpaka akashindwa kuinuka.

Jioni ile nilikunywa mtori kama mtu aliyepona homa.

Baadaye nilitaka kufungua kibanda cha chai na mtindi pale Maji ya Chai, mabasi yanaposimama. Sikuwa na hati ya kitu chochote. Wanawake wa zamu wakanidhamini kwenye chama cha mikopo, Mama Nuru akiwa wa kwanza kusimama. Hawakuuliza nina nini. Walimwona ndama akishuka. Kibanda kile kimesomesha watu ambao leo wananisahihisha Kiswahili.

Na Loti? Alilima mashamba ya watu, akaoa kwa jasho. Ndama wa kwanza jike wa Mama Nuru alikwenda kwa nani unadhani? Kwa mke wa Loti. Loti alikuja na kamba yake ileile, safari hii amevua kofia.

Nimeandika haya kwa sababu mwezi uliopita Anaeli alipanda huku amenuna. Kikundi chao cha Daraja Mbili, kule mjini, kimepata mkopo wa halmashauri, fungu lake ni la kununua friza la mtindi. Mumewe ameanza kuzungumza habari za pikipiki. Nikamuuliza, umemwambia hela hiyo ni ya nini, mbele ya nani? Akatazama chini. Nikaona moshi wa jikoni kwangu.

Wiki iliyopita amepiga simu. Aliwakalisha mume na wakwe zake, akasema. Mume alinuna siku mbili, halafu akalibeba friza mwenyewe kulipandisha ngazi. Mwanangu, nimelala usingizi.

Basi shika haya. Wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kali, wanaokuletea hela mlangoni wakicheka, waache waende. Watarudi kuchukua godoro. Tafuta wanawake wenzako muaminiane. Ukipata mtaji, siku hiyohiyo utamke nyumbani, kwa sauti, ni wa nani na ni wa kazi gani, wanaume wakiwepo. Usiingie jikoni. Na zamu ya mwenzako ikifika, mpelekee mchana, watu wakiona.

Mungu akujaze nguvu za mikono. Akupe mama mkwe kama wangu, na ndama wako wa kwanza awe jike.