Bati la Baba, Arobaini ya Mama

Mpaka leo nikinusa mvuje, nasikia bati likigonga. Wenzangu wanajua kwamba nimetumia umri wangu kupima pepo za tufani, nikipulizia vijumba vya mfano nione paa lipi litang'oka. Nilikoanzia hawakujui, ila nyinyi nitawaambia.

Ilikuwa Kigombe, miaka ya hamsini. Nyumba yetu ya miti na udongo baba aliiezua makuti, akaiezeka bati, la kwanza mtaani. Kamba za usumba wa nazi zilizofunga paa la zamani kwenye nguzo alizikata, akisema ni ushamba, misumari inatosha. Bibi, mama yake, alimwambia asiache mbachao kwa msala upitao. Hakusikia. Alilipenda bati lile hata sisi wanawe tukalionea wivu.

Mama alikuwa ndani ya arobaini, amemzaa mdogo wangu, na chumba chote kinanuka mvuje wa kumkinga mtoto. Asubuhi moja ukaja upepo na mvua, paa likaanza kuinuka upande wa chumba chao. Baba akarukia boriti, akaning'inia kama popo. Upepo ukimwinua, ukimshusha.

"Mtoeni mzazi," alisema.

Bibi akasimama mlangoni. "Mzazi hatoki kabla ya arobaini. Wataka baridi imwingie?"

"Mama, nakuomba."

Wakabishana hivyo, yeye juu, bibi chini, nami nalia kwa hasira, maana niliamini hataki tu kuliachia bati lake. Mwishowe bibi akawafunika mama na mtoto kwa mkeka, akawatoa huku ananung'unika. Hapo ndipo baba alipoachia. Paa likaenda zake, na ukuta ukaangukia kitanda.

Miaka mingi mtaa ulimwita Mume wa Bati. Tulicheka, naye akacheka nasi.

Nilikuja kuelewa utu uzimani, kazini, nilipoona paa la kijumba likiinuka na ukuta ukilifuata, kwa kuwa paa ndilo linaloushika ukuta. Nikapiga hesabu. Mtu mmoja, awe mzito vipi, hawezi kuuzuia upepo ule. Nilipokwenda likizo nikamwambia baba hivyo. Alikuwa mzee sasa, anamenya chungwa.

"Nilijua," alisema. "Kila upepo uliponiinua nilijua. Lakini mama yako alikuwa hajatoka."