Mjomba anataka tela liuzwe, na mume wangu hataki kutoka humo

...sasa admin ule ujumbe wa kwanza ulikatika, simu ilizima, ngoja niendelee. Jina langu lifiche, maana Morogoro hii ukikohoa Mji Mpya wanakupa pole Kihonda. Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, asili yetu Matombo ila naishi hapa mjini, shule niliishia la nne, mnivumilie mwandiko.

Nilikuwa nimefika kwenye tela. Ni nyumba ya magurudumu, ina kitanda, kajiko na kadirisha ka pazia. Padri mmoja mzungu alipokuwa anarudi kwao ndo akatuuzia. Mimi na baba watoto tunazunguka nalo minadani, napika supu na chapati, tukichoka tunalala humo humo. Wenzangu wakaniita mama hoteli. Raha mno. Shida ilikuwa gari ya kulivuta, kila safari tunakodi pikapu ya mtu.

Basi ukoo ukauza mitiki. Sisi Waluguru mnatujua, ukoo ni wa upande wa mama na msemaji ni mjomba. Nyumba ninayokaa iko kwenye ardhi ya ukoo, mume wangu kaja kuoa kwetu, kwa hiyo kwenye kikao sauti yake ndogo. Mjomba akasema tutanunua gari ya ukoo, tuvutie tela, ila pakiwa na msiba au harusi ibebe watu.

Baba watoto kaendesha malori ya mpunga kule Dakawa miaka na miaka. Akaomba pikapu. "Mjomba, lile tela zito. Tukichukua gari nyepesi, mlimani tela ndo litakuwa dereva."

Mjomba akacheka. "Mkwe, kwa hiyo siku nikifa unipakie nyuma kama ndizi? Na hawa mama wakwe zako wakae huko nyuma juu ya bomba la kushikilia?"

Dada yangu akadakia, "Shemeji kazoea kukaa na magunia huyo." Tulicheka wote, na mimi nimo. Ikanunuliwa gari ya familia, milango ya kusukuma, viti bado vina nailoni.

Safari ya kwanza ilikuwa Matombo, kuna kipaimara parokiani, tukajua supu itatoka. Usukani kashika kaka yangu, maana mjomba kasema gari ya ukoo aendeshe mtu wa ukoo. Tulipofunga tela, nyuma ya gari ikadidimia, pua ikaangalia mbinguni kama inasali. Nikawa nacheka. Tambarare tukaenda vizuri. Kufika kilimani, mvua imenyesha, gari ikaanza kunuka kuungua, ikasimama, halafu ikaanza kurudi nyuma, na breki kaka kaikanyaga yote. Baba watoto akaruka chini na jiwe, aweke kwenye tairi la tela. Tela likajikunja likambana na ukingo wa barabara.

Hospitali waliukata mguu juu ya goti.

Toka arudi haingii ndani. Analala kwenye tela, hapo uani. Chakula nampelekea dirishani, namtania, "Mteja, leo supu au makange?" Zamani angenijibu nikimbie. Sasa sahani inarudi vile vile. Juzi ndo kaongea. "Mwambie mjomba auze hiyo gari, tutafute pikapu nzito, hata iwe kuukuu. Mimi nitakaa pembeni ya dereva, nimwambie gia. Tela mkiliuza, mmenizika."

Nikaenda kwa mjomba, nikampa shikamoo yake, nikapiga magoti. Akaniambia, "Mpwa wangu, gari haikumkata mguu, tela ndo limemkata. Liuzwe. Hutaki, mbebe mumeo mkaishi kwao." Kwao wapi? Wazazi walishakufa, kiwanja hana, na mimi nikitoka hapa shamba la mama yangu silioni tena.

Nacheka na watu barabarani, nikigeuka uani roho inakufa. Nikimshika mume, nakosa kwetu. Nikimsikiliza mjomba, huyu mwanaume hamalizi mwaka. Nyie mnaosoma hapa, wenye wajomba na wenye waume, niambieni nimfuate nani, na msinitukane maana

Ngojeni, dada ananiita huko nje. Mjomba kaja na mnunuzi. Ana pikapu kubwa, nzito, aina ile ile aliyoitaka baba watoto, wameshairudisha nyuma mpaka uani wanafunga ndoano ya tela. Na baba watoto yumo ndani ya tela, kajifungia, anaita jina langu, na mimi